Baba Béa alicheka ndani ya maji

Siku ya posho (Jumamosi), Octobre 1991

Miguu inaniuma mpaka mu magoti, na bado niko na furaha.

Tangu basoda, maaskari ya serikali, baliporaka Lubumbashi na kubeba vitambaa yote ya duka yetu, bwana yangu alikuwa hasemi. Tulikimbilia huku mu milima ya Kundelungu kwa kaka yangu, na kila siku anakaa tu, anaangalia chini. Leo asubuhi nilimwambia: "Baba Béa, twende tuone maporomoko ya maji. Nimechoka na hii kimya yako."

Kaka alitembea mbele kutuonyesha njia. Tulitembea masaa ine mu bonde, katikati ya majiwe meusi. Kaka anasema hayo majiwe ilitoka mu moto ya chini ya udongo. Pa kuvuka mto niliogopa. Bwana yangu akainama: "Panda ku mugongo, mama."

Katikati akateleza. Tukaanguka bote bawili, maji mpaka mu shingo.

Nilifikiri atakasirika. Alicheka! Alicheka mpaka akashindwa kusimama. Kisha, chini ya maporomoko, akaanza kuongea: duka, woga yake, yote. Akalia kidogo.

Sijui tutaanza na nini mujini. Lakini wakati wa kurudi alinishika mukono njia yote, mbele ya kaka, bila haya.