Matawi ya Kijani kwenye Ua Lako

Mama yangu mpenzi,

Ua lako la sebuleni, lile la majani ya kijani yenye madoa meupe, lilitaka kunipotea. Nakuandikia sasa kwa kuwa nimeshajua la kufanya.

Siku ya msiba wako tulitoa makochi yote ili watu wakae kwenye mikeka. Ua likahamishiwa stoo, likakaa humo mpaka arobaini. Nililimwagilia bila kukosa, kila mara nikiandika kwenye daftari langu. Mwanga sikuufikiria. Nilipolitoa nikakuta majani mapya saba, yote kijani kitupu.

Majirani hapa Mtendeni wakasema umeondoka na weupe wake. Mimi nikakumbuka wembe wako. Ulikuwa ukiligeuza kopo la ua, ukitafuta tawi lililopoteza madoa ulikate, nami nikikusihi uliache kwa sababu ndilo lililonawiri kuliko yote.

"Ndiyo maana nalikata," ulinijibu. "Hili lina nguvu, litawamaliza wenzake. Acha huruma za ovyo, nishikie kopo."

Nikaliweka ua dirishani, nikachukua wembe. Shangazi, aliyekuja kwa ajili ya arobaini na aliyekuwa bado kwetu, akanishika mkono.

"Kitu cha marehemu unakikatakata?"

"Shangazi, mwenyewe alikuwa akikata."

"Wifi yangu alikata cha kwake. Wewe unakata cha nani?"

Nikauweka wembe chini. Wiki mbili nzima niliandika hali ya kila jani. Matawi ya kijani yalirefuka. Tawi la madoa likabaki na majani matatu. Hapo sikuomba ruhusa tena. Nilimwita Shangazi, nikamsomea daftari, nikakata mbele yake.

Hakunigombeza. Aliinama, akaokota matawi ya kijani sakafuni, akayatia kwenye chupa ya maji.

"Haya nayo ni yake," akasema. "Nakwenda nayo Nzega. Kule hatuna masharti ya madoa."

Mama, hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Jana tawi lililobaki lilifungua jani jipya, nusu yake nyeupe. Nikampigia Shangazi kumweleza. Akaniambia yale ya kwake yametoa mizizi na yuko mbioni kuyapanda.

"Ila ukija kunisalimia," akasema, "huo wembe uuache hukohuko."

Pumzika, Mama. Siogopi tena kugusa vitu vyako.

Binti yako wa mwisho