Mteremko Ulioishinda Mvua

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Litembo tu wazima, nami nachanua! Tangu tufunge ndoa, babu yako mpya, Komba, huniletea chai kitandani kila asubuhi.

Umeniandikia kwamba kijiji unachoishi sasa huko Polandi, chenye nyumba zilizojipanga kando ya mto, kiliteketezwa vitani, na wenyeji wakarudi kujenga palepale. Unauliza kwa nini hawakuhama.

Nilipokuwa binti, mama alinigawia mteremko mkali, shamba langu la kwanza. Nikalima ngolo, yale mashimo yetu sisi Wamatengo, kingo zake nyasi zilizokatwa na kufukiwa udongo, nikapanda maharage juu yake. Komba, wakati huo kijana mgeni kutoka ziwani, akanitania, "Dada, unawachimbia panya makaburi? Mvua moja tu, shamba lote litahamia Ziwa Nyasa!"

Mvua ikapiga siku nzima. Ilipokatika niliupanda mteremko mbio, roho mkononi. Kila shimo lilijaa maji, na udongo ulikuwa umetulia. Maharage yangu yalikuwa yamesimama! Nikapiga vigelegele, bonde zima likaitikia. Ardhi iliyokushika hivyo, mama, utaiachaje?

Komba akaja, kofia mkononi. "Nimekoma, dada. Nigawie na mimi kipande."

"Kata nyasi kwanza," nikamwambia.

Bibi yako akupendaye