Mwanafunzi wa Pili

Mwanza,
18 Januari 2026

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unatembea bila fimbo, na kwamba Bibi amepunguza kikohozi. Mimi ni mzima. Chakula kipo, na mbu wa huku ni wale wale uliowaacha.

Justa amefika. Chenge kondakta alimshusha getini Jumanne, na tranka lake, ndoo na godoro. Nilimwonyesha bweni kwa kidevu, akaelewa. Kitanda chake kiko dirishani, anawaona wasichana wakianza kukimbia kengele inapogongwa, kwa hiyo hachelewi. Hilo ulilisisitiza, nami nimelitimiza.

Mengine uliyoniagiza nitayashughulikia. Kidato cha Pili kina mambo mengi kuliko nilivyodhani. Mwaka huu tuna mtihani wa taifa na walimu wanatukimbiza. Barua ikichelewa usiwe na wasiwasi.

Wasalimie watoto wote wa kitengo. Wakiniulizia waambie tu kwamba nasoma.

Mwanao,
Prudencia

*

Sengerema,
25 Januari 2026

Mwanangu Prudencia,

Marahaba. Mguu wangu unapanda na kushuka kama bei ya dagaa, lakini darasani nafika. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama huko Mwanza watu wanajua kupika ndizi au wanazila mbivu tu kama nyani. Mimi sikumjibu, utamjibu mwenyewe.

Barua yako ni safi, haina kosa hata moja, na haina habari. Nimekuuliza mambo ya Justa, umeniambia kitanda. Darasani anakaa na nani? Hapa kwenye kitengo cha viziwi alizoea mwalimu mmoja, mimi, ninayemtazama usoni na kumfundisha kwa mikono. Huko kila kipindi anaingia mwalimu mwingine na Kiingereza chake, anageukia ubao na kuzungumza nao. Mtoto kiziwi hawezi kusoma mgongo wa mtu. Je, Mwalimu Rugemalira wa taaluma umemwona? Umemwomba mkalimani wa lugha ya alama?

Unamkumbuka Masele, aliyekuwa anawashinda wote kwa hesabu? Mwaka juzi alichaguliwa sekondari nyingine. Hakuwa na wa kumpokea. Kabla ya Pasaka alikuwa amerudi. Sasa anaanika dagaa ufukweni, na nikipita anageuza uso, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Na Mzee Machibya, baba yake Justa, ameniambia wazi: "Mwalimu, nakupa mpaka Pasaka. Kama anakaa kule kama gunia, namrudisha kwa ng'ombe. Ng'ombe angalau wanamwelewa." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Justa nilimwombea nafasi shule yako, si nyingine, kwa sababu wewe upo. Una masikio nusu na mikono kamili. Ukimshika yeye, mwakani nitavusha wengine.

Niandikie.

Mama yako mdogo,
Teodora

*

Sengerema,
15 Februari 2026

Prudencia mwanangu,

U mzima? Sisi wazima.

Zamani ukikaa kimya ulisingizia kivuko: mara foleni Kigongo, mara upepo, mara injini. Sasa daraja limefunguliwa, Chenge anavuka kabla hajamaliza kukata tiketi. Daraja limetunyima visingizio, mwanangu.

Kuna nini?

Mama yako mdogo,
Teodora

*

Mwanza,
22 Februari 2026

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua u mzima, maana Chenge ameniambia ulimfokea kituoni kwamba anapoteza barua. Hapotezi. Naomba umwombe radhi kwa ajili yangu.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo sitaichana hata ikiwa mbaya.

Hapa hakuna anayejua habari ya masikio yangu. Kile kifaa cha kusikia ulichokihangaikia kiko ndani ya kisanduku cha sabuni, chini kabisa ya tranka, tangu wiki yangu ya kwanza ya mwaka jana. Msichana mmoja aliniuliza kama ni redio, na kama inashika mpira. Wote walicheka. Nywele tunanyoa, hakuna pa kukifichia. Tangu siku hiyo nakaa mbele, natazama midomo ya watu, na nisipoelewa natabasamu. Wananiita Sista, wakidhani ni upole. Si upole.

Siku Justa alipofika tulikuwa mstarini. Aliniona. Aliacha mizigo yake getini akakimbia katikati ya uwanja huku akiniita kwa jina langu la alama, lile walilonipa kitengoni, kidole kwenye kishimo cha shavu. Alilirudia na kulirudia, akicheka kwa sauti ile yake asiyoisikia mwenyewe. Shule nzima iligeuka. Nilipaswa kumrudishia jina lake, vidole viwili juu ya nyusi, pale penye kovu la pembe ya ng'ombe. Rose, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, akaniuliza, "Wee Sista, huyo bubu anakuita wewe?"

Nikasema, "Hapana. Tumetoka wilaya moja tu."

Mikono yangu niliiingiza kwenye mifuko ya sweta. Justa akasimama. Aliitazama mifuko yangu, si uso wangu.

Hilo si lote. Wiki iliyofuata Mwalimu Rugemalira alipita madarasani. Alisema mkalimani ni mmoja na shule mbili zinamtaka. Atapelekwa penye wanafunzi wengi zaidi, na idadi ikilingana atakwenda kwa wenzetu, kwa kuwa wao waliomba kwanza. "Kule yuko mmoja," alisema. "Hapa yuko mmoja wa Kidato cha Kwanza. Kuna mwingine mwenye shida ya kusikia? Anyooshe mkono, hakuna wa kumcheka."

Mama mdogo, nilielewa kila neno. Alikuwa amesimama kwenye mwanga na midomo yake niliiona vizuri. Siwezi hata kusema kwamba sikusikia. Mikono yangu ilikuwa juu ya dawati, nikaitazama kama mikono ya mtu mwingine, mpaka mwalimu akatoka.

Mkalimani amekwenda shule ile nyingine. Justa anakaa nyuma, ananakili kila kilichoko ubaoni, hata somo la jana ambalo halijafutwa. Ananakili kwa mwandiko mzuri sana.

Naomba usije. Ukija sitakuwa na pa kuweka uso.

Prudencia

*

Sengerema,
1 Machi 2026

Mwanangu,

Umesahau neno moja mwishoni, hapo juu ya jina lako. Nimeliongeza kwa kalamu yangu. U mwanangu hata ukikosa.

Lakini umekosa. Sitakupaka asali midomoni. Jumapili iliyopita Mzee Machibya alinisimamisha nje ya kanisa, mbele ya watu, akaniuliza habari za mtoto wake. Nilikuwa na ile barua yako ya kwanza kichwani, nikamwambia mambo ni mazuri sana. Alinishukuru kwa mikono miwili. Sasa nikimwona sokoni nabadili njia. Tumekuwa watatu wa kugeuza uso: Masele, wewe na mimi.

Justa naye ameniandikia. Nakunakilia kama alivyoandika, kwa mpangilio wa mikono yake:

"Mwalimu habari. Prudencia masikio pona. Shule hii pona. Alama yeye sahau yote. Mimi furaha kwa yeye. Mimi pona lini?"

Nimekaa na karatasi hiyo mpaka uji ukaungua. Hakusema ulimkana. Ametafuta sababu, na katika sababu zote duniani ameokota iliyo njema kuliko zote, akakuvika.

Nilishika simu nimpigie Mwalimu Rugemalira nikutaje. Nikaiweka. Nikikutaja mimi utakuwa umehesabiwa kama mbuzi zizini. Sitakuja, kama ulivyoomba. Lakini Justa ameuliza swali, na mwenye jibu ni wewe.

Bibi anasema ule.

Mama yako mdogo,
Teodora

*

Mwanza,
15 Machi 2026

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bibi mwambie nakula, ingawa siku mbili baada ya barua yako sikuweza.

Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Rugemalira. Alikuwa anasahihisha, hakuinua macho.

"Mwalimu, mimi ni wa pili."

"Wa pili? Wewe darasani ulikuwa wa sita."

"Wa pili katika kutosikia."

Alicheka, akidhani ni utani. Nikakiweka kile kifaa juu ya meza yake, na betri yake iliyokufa. Aliacha kucheka.

"Januari niliuliza. Hukuelewa swali?"

"Nililielewa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mwalimu."

Nilitamani anichape, yaishe. Hakunichapa. Alisema ataandika upya, ila haahidi, maana mkalimani si kiti cha kubebwa darasa hadi darasa. Nilipofika mlangoni aligonga meza. Sikugeuka. Akaja mpaka mbele yangu, akasema, "Kumbe hivi ndivyo umekuwa ukinipita mwaka mzima, nami nikisema una kiburi." Kisha akanipa hela ya betri, akaniambia si mkopo.

Bwenini nilivaa kifaa mchana, mbele ya wote. Rose akapiga makofi. "Ndiyo maana ukiagizwa uji unaleta kandambili!" Mwingine akasema, "Basi mwaka mzima nimekusengenya kwa sauti kubwa, nimepoteza pumzi zangu bure." Walicheka, nami nikacheka nao. Iliuma, lakini haikuua. Nilikuwa nimekiogopa kicheko hicho mpaka nikamtoa Justa kafara badala yangu, na kumbe ni kicheko tu.

Justa nilimfuata sehemu ya kufulia. Nikamwambia kwa mikono, yote: masikio yangu hayajapona, hayatapona, alama sijasahau, niliona haya, nikamkana. Mikono ilikuwa mizito kama imevaa matope. Aliitazama mpaka mwisho, povu la sabuni likimtiririka viganjani. Kisha akafumba macho.

Wewe unajua, Mama mdogo. Kiziwi akifumba macho hakuna mlango wa kubisha. Nilisimama pale mpaka povu likakauka mikononi mwake. Hakufumbua mpaka nilipoondoka.

Sasa kila jioni wakati wa prepo, saa za kujisomea, Mwalimu ameniruhusu kukaa darasani kwao. Nakaa kando ya Justa na kumfasiria masomo ya siku hiyo kwa alama. Yeye anatazama kitabu, mimi nafundisha upande wa shavu lake. Juzi nilieleza jinsi mmea unavyokunywa maji. Hakuinua kichwa. Lakini baadaye nikaona amefuta jibu lake na kuandika lililo sahihi. Kwa hiyo pembe ya jicho haikufungwa.

Pasaka inakaribia. Kidato cha Pili tunabaki kambi ya masomo, yeye atakuja nyumbani. Sijui atamwambia nini baba yake. Akimwambia ukweli, atakuwa na haki.

Mwanao (nimeandika mwenyewe),
Prudencia

*

Mwanza,
13 Aprili 2026

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Ndizi alizonitumia Bibi zilifika zimeiva njiani, kwa hiyo tumezila mbivu kama nyani. Mwambie zilikuwa tamu.

Leo shule imefunguliwa. Barua hii niliianza saa nne asubuhi, ikiwa barua nyingine.

Mkalimani amekuja. Anaitwa Elias, kijana mrefu. Atakuwa huku Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine shule ile nyingine. Asubuhi alisimama mbele ya Kidato cha Kwanza amefunga mikono, kwa kuwa hakukuwa na wa kumfasiria. Justa hakuwepo. Kitanda cha dirishani kilikuwa mbao tupu. Mstarini Mwalimu Rugemalira alinitafuta kwa macho.

"Wa pili nakuona," alisema. "Wa kwanza yuko wapi?"

Wakati wa mapumziko nikaanza kukuandikia kwamba mwenye kuchelewa si Justa, ni mimi. Kwamba mkono ulionyooshwa Machi hauwezi kufanya kazi ya mkono wa Januari. Kwamba umwombe msamaha Mzee Machibya, na mimi mwenyewe nitakuja kumpigia magoti likizo ya Juni. Nilifika hapo kengele ikagongwa, nikaikunja karatasi.

Jioni tulipanga mstari tena. Geti likafunguliwa. Akaingia Mzee Machibya, godoro kichwani, na nyuma yake Justa, tranka mkono mmoja, ndoo mkono wa pili.

Alisimama pale pale getini. Safari hii hakukimbia. Hakuita mtu. Alinitazama tu, macho wazi.

Rose akaanza, "Sista, yule…" kisha akasogea kunipisha.

Nilitoka mstarini. Nilikwenda mpaka katikati ya uwanja, pale alipokuwa amesimama yeye Januari, nikainua mkono juu ili aone vizuri, nikaweka vidole viwili kwenye nyusi. Jina lake. Nikarudia. Kidato cha Tatu wakaanza kucheka, nilisikia, maana nilikuwa nimevaa kifaa na betri ni nzima. Nikarudia tena.

Mzee Machibya alinitazama mimi, kisha akamtazama mtoto wake, kama mtu aliyefikisha ndama mtoni na sasa anangoja aone kama atakunywa.

Justa alikuwa bado amesimama. Usoni mwake sikuweza kusoma kitu. Na mikono yake ilikuwa imejaa. Mtu aliyebeba tranka na ndoo, Mama mdogo, hawezi kutujibu sisi.

Akaweka ndoo chini.

Kisha akaweka tranka.

Mwanao,
Prudencia