Sitakuja Jumamosi

Nakuru, Jumatano

Mama Chepng'eno, mke wangu,

Nakusalimu sana. Mguu wako umepona? Na yule ng'ombe aliyezaa, anakubali kukamuliwa? Mimi niko hai, na leo neno hilo silisemi kwa mazoea.

Nianze na litakalokuumiza: Jumamosi sitakuja. Najua wageni wa kumposa binti yetu wanafika, na kiti cha baba ni changu. Nisikilize kwanza.

Jana nilienda kusafishwa damu kwa mashine ya figo nikiwa nimejaa maji mpaka viatu vimekataa kuingia. Nikamwambia Sista Achieng, muuguzi wetu, "Toa maji yote leo, nina safari."

Akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki. "Mzee, mashine itakubali, lakini moyo wako utakataa. Leo tutoe kiasi, Jumamosi urudi tutoe mengine."

Nikakasirika. Alipouliza kama nimemeza dawa ya presha asubuhi, nikasema hapana. Nilikuwa nimemeza, na alishanikataza kuimeza siku ya mashine. Niliogopa atapunguza hata hicho kiasi.

Baada ya saa mbili hivi nikaanza kupiga miayo, dalili kwamba presha inashuka. Mashine haikulia kuonya. Achieng alikuwa na mama wa kitanda cha pili. Aligeuka tu, akaniona, akaja mbio.

"Mzee, niangalie! Ulimeza dawa?"

"Nilimeza."

Akalaza kitanda, akainua miguu yangu, akasimamisha kuvuta maji, akafungulia dripu. Macho yakaingia giza. Nilisikia sauti yake tu, ikiniita Kiprono, Kiprono, jina ulilomtajia siku ile ulipokuja. Kumbe hakulisahau.

Nilipopata nguvu sikugombezwa. Alivuta kiti akauliza, "Uliniogopa?" Nikalia, mke wangu, mbele za watu. Akasema, "Mashine hainiambii kila kitu. Wewe ndiye wa kuniambia. Na nyumbani, huwa unawaambia ukweli?"

Kwenye simu huwa nakuambia niko sawa. Siko sawa. Kila nikiona sindano zile mbili za mashine nafumba macho, na mara mbili nimefika geti la hospitali nikageuka nirudi. Sasa unajua.

Kaka yangu mkubwa aketi mahali pangu, ataongea vizuri kuliko mimi. Nisalimie mama, dada yako wa Molo, na jirani anayekusaidia shambani.

Na Chepng'eno usimfiche kitu. Mwambie baba yake anakosa posa ili awepo siku ya arusi.

Mumeo,
Kiprono