Ngozi Mliyonitumia Nilalie

Wodi ya Wanaume,
Mwanza.
Jumatano, alasiri.

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naitanguliza mapema kwa sababu huko mbele nitasema maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na sitaki uyasome kabla hujaniitikia. Mama miguu yake inaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mvua imewafikia? Na Baba je? Hayo mengine yote yanaweza kungoja, Kaka. Nataka kujua habari za Baba. Iweke barua hii chini kwanza, nenda kamtazame mkono, halafu urudi uendelee kusoma.

Mimi naumwa, ila napona. Leo ni siku ya saba niko hospitali, nachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka sijui nikalie upande gani. Nina kidonda shingoni. Kilianza kwa kuwasha, nikadhani ni mbu. Kesho yake kikawa lengelenge, keshokutwa kikafanya doa jeusi katikati, jeusi kama mkaa, shingo ikavimba mpaka kifungo cha shati hakifungi. Na wala hakikuuma! Kingeuma ningekimbia hospitali siku ile ile. Kwa kuwa hakikuuma nikapaka mafuta, nikaenda zangu kazini.

Homa iliponishika ndipo wenzangu wakanileta. Dresa, yule mfunga vidonda, aliponiona shingo alirudi nyuma hatua moja. Daktari akaja, akaniuliza jambo moja tu, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia napanga ngozi katika banda la tajiri mmoja hapa mjini. Akatikisa kichwa. "Hicho ni kimeta. Umekitoa kwenye ngozi."

Basi, kilichofuata ni kero juu ya kero. Bwana mifugo akaenda kutia kufuli banda letu lote. Watu zaidi ya ishirini wamekaa nyumbani, nasi tunalipwa kwa siku, hujafanya kazi huli. Wenzangu walikuja mpaka dirishani hapa. Nilidhani wamekuja kunipa pole. "Luhende, umetuponza!" Wakaondoka bila hata kuniachia ndizi. Nami humu ndani nguo zangu zimefungiwa stoo kwa sababu nilijaribu kutoroka. Nilifika getini nimejifunga shuka la hospitali juu ya nguo, nikarudishwa mbele ya watu kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Nitakuambia kwa nini nilitoroka.

Kwenye kitanda cha jirani yupo mzee mmoja mvuvi wa Nansio, amevunjika mguu. Huyo nimepewa kama adhabu. Hanyamazi. "Kijana," ananiambia, "mimi nimevunjwa na mtumbwi, na mtumbwi niliuona ukija. Wewe umejeruhiwa na ng'ombe aliyekwisha kufa!" Wodi nzima ikacheka. Hata dresa.

Sasa sikiliza. Jana ndiyo nimepata barua yako. Ilikaa siku kumi na moja katika droo ya yule mwenye duka wa Busisi, ameisahau chini ya viberiti. Ngozi ukampa Rajabu dereva, barua ukampa mwenye duka. Kwa nini, Kaka? Kwa nini usivipandishe gari moja? Rajabu alinifikishia ngozi siku ya pili tu, akasema, "Baba yako amekuletea hii ulalie." Nami nilifurahi, nisikufiche. Niliibeba begani toka stendi mpaka chumbani nikimwonyesha kila mtu, hii imetoka kwetu, tazameni ilivyowambwa. Nikaitandika juu ya kamba za kitanda, nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nije mji huu. Nilidhani mmechinja kwa sherehe. Sikuuliza.

Ndipo jana nasoma barua yako. Nakunukuu wewe mwenyewe: "Yule dume wetu mwenye baka jeupe amekufa ghafla, damu ikimtoka puani. Usiwe na shaka, tumefuata neno lako. Hatukula hata ini. Wazee wamenung'unika sana lakini Baba amesema mwanangu amesoma, tuzike. Tumezika. Ngozi Baba ameichuna mwenyewe, tunakuletea ulalie. Baba ana kijipu mkononi, lakini hakimuumi, anapaka samli."

Hakimuumi! Kaka, niliposoma neno hilo nilisimama kitandani. Hapo ndipo nilipokimbilia getini.

Nilirudishwa nikiwa na hasira ya kupasuka. Nikakaa nakutungia barua kichwani, na ashukuriwe Mungu dresa alikuwa ameninyima karatasi. Nilikuwa nakuuliza una akili gani. Nilikuwa nakuuliza kama nyumba nzima imekosa mtu mmoja wa kufikiri, mtu anazikaje nyama kwa sababu ina ugonjwa halafu anamtumia ndugu yake ngozi ya ng'ombe yule yule! Nikawa nayasema kwa sauti bila kujua.

Yule mzee wa Nansio akageuka. "Kwani wewe uliwaandikia nini hasa?"

"Niliwaandikia wasile nyama ya ng'ombe aliyekufa ghafla, wamzike."

"Na ngozi?"



Yule bwana mifugo alipokuja bandani kutufundisha, miezi michache iliyopita, alisema mambo mawili. Alisema nyama isiliwe, na alisema mzoga usiguswe kwa kisu kabisa, uzikwe na ngozi yake, kwenda chini sana. Yote niliyasikia. Nikarudi chumbani nikawaandikia moja. La pili sikuliona la kuandika. Nilijiambia, mtu akizika ng'ombe si atazika na ngozi yake? Nilisahau natoka wapi. Babu tulimzika ndani ya ngozi ya dume, wewe na mimi tulisimama pale. Kwetu anayezikwa na ngozi ni mzee mwenye mji wake, siyo ng'ombe. Baba angewezaje kumpa dume heshima ya Babu? Alifanya alivyofundishwa na wazee wake, na nyama akazika kwa sababu ya karatasi yangu. Mimi ninayeshinda na ngozi kutwa, neno la ngozi ndilo nililolimeza.

Kwa hiyo hasira yangu haina tena pa kwenda, Kaka. Nisamehe kwa niliyoyasema hapo juu. Siyafuti kwa kuwa karatasi ni hii moja.

Sasa fanya haya bila kuita kikao. Rajabu anakupa barua hii mkononi na gari lake linageuza kesho. Mpandishe Baba mbele, siyo nyuma kwenye mizigo. Akisema hakimuumi, mwambie hata cha mwanao hakikuuma. Mkifika Busisi mkakuta pantoni iko upande wa Kigongo, mwambieni kila mtu apige kelele kuiita, msikae kungoja abiria wajae. Msikitumbue kile kidonda, wala mganga asikichanje. Dawa ipo, Kaka, ndiyo hii ninayochomwa mimi, na daktari anasema mtu akiwahi anapona. Kisu alichochunia kiingizeni motoni mpaka kiwe chekundu. Alipofia dume pazungushieni miiba, ng'ombe wasile majani pale. Na kama kuna mtu alimshikia Baba miguu ya dume wakati wa kuchuna, naye apande gari.

Leo asubuhi nimemwambia daktari ukweli kwamba ngozi ilitoka kwetu. Banda litafunguliwa, wenzangu watanicheka mpaka nizeeke. Ngozi imechomwa moto. Bwana mifugo atakuja huko kuwachanja ng'ombe, na najua wazee watasema ni yale yale ya kupunguziwa mifugo, eti mkoloni anaona Uhuru unakuja anataka kutumalizia mali. Waambie kimeta hakimjui mkoloni wala hakiujui Uhuru. Msifiche ng'ombe hata mmoja porini.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee habari za shingo yangu, mwambie nina mafua. Msalimie shemeji, mkeo, mwambie mtama aliotuma niliupata na niliumaliza. Msalimie dada yetu kule alikoolewa. Wale wazee walionung'unika wape salamu pia, walikuwa na njaa na wakazika nyama kwa ajili yangu.

Yule mzee wa Nansio anasema nikuandikie kwamba kitanda cha upande wangu wa kulia kiko wazi tangu jana na anakilinda kwa fimbo yake, kila anayeletwa anamfukuza aende cha pembeni. Dresa amegomba naye mara mbili. Anasema hicho ni cha Baba.

Na Baba mpe shikamoo yangu. Usimpe ukiwa mlangoni, ingia ndani, msogelee, umpe karibu na sikio. Kisha ngoja aitikie. Akisema marahaba, panda naye gari hilo hilo, usiniandikie kitu, nitamsikia mwenyewe.

Mdogo wako,
Luhende