Pande Tatu za Baba

Mwaitu, Mama yangu,

Barua hii ikupate ukiwa umekula kitu, hata kama ni uji tu. Mguu umeacha kufura? Mimi niko Kitengela, mwili ni mzima, moyo ndio sijui. Simu zangu hushiki na sikulaumu, kwa hivyo nimempa Mbithe wa shangazi akuletee hii mkononi.

Mjomba amenigombeza, ameniambia mlinigoja kaburini mpaka saa tisa, ndio mimi kifungua mimba nimrushie Baba udongo. Mama, begi nilikuwa nimefunga tangu Jumatano. Wacha nikuambie ukweli, halafu ukitaka kunikasirikia, nikasirikie.

Tulikuwa tunaezeka madarasa ya shule moja huko mbele ya Kajiado. Mabati yanabebwa na pembetatu za mbao, tunaziita trasi, na lazima zote zilingane. Ya kwanza hulazwa chini mpaka kazi iishe, kila nyingine inapimiwa juu yake. Hata fundi wa jana anajua hivyo. Lakini Baba alikuwa mochari, nami nilitaka kuondoka Alhamisi, nikasema ya kwanza ipandishwe juu tuokoe wakati. Basi zingine tukawa tunazipimia kwa ile iliyotoka mwisho, ya sita kwa ya tano, ya saba kwa ya sita. Kila moja ikaongezeka unene wa penseli. Ya kumi na mbili ilipofika ukutani ilikuwa imezidi vidole vinne.

Msimamizi akaangalia mawingu. "Mutua, ni wewe ulisema ipandishwe," akaniambia. "Pole kwa msiba, lakini watoto wanaingia hapa Jumatatu." Nikaweka begi chini, nikabaki kuzirekebisha. Kosa lilikuwa langu.

Unakumbuka Baba akinifundisha na vijiti vya mtama hapo nje ya jikoni? Nilimwambia pembetatu zangu mbili ni sawa, kwa sababu pembe zote tatu zinafanana. Akachukua moja akaiweka juu ya nyingine, ikaingia ndani ikapotea. "Kufanana hata mtoto na baba yake wanafanana," akasema. "Niletee pande tatu kwenye karatasi, na sababu kando ya kila mstari, ndio niamini nikuwekee alama." Nilicheka. Nilikuwa mbishi, unanijua.

Jumamosi saa ile mlikuwa mnamshusha, nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi na tepu. Tulikuwa tumeshusha ile ya kwanza, napima kila trasi nayo, upande kwa upande kwa upande. Nililia mpaka nikashindwa kusoma namba. Koko mmoja wa boma jirani, mama mzee wa Kimaasai, aliniletea chai ya maziwa akakaa kando yangu.

Msalimie Kalondu dadangu, najua ndiye analala na wewe siku hizi. Na Mjomba umwambie sina kinyongo, alisema ukweli.

Ninakuja Ijumaa. Usikubali mtu mwingine ajenge kile kibanda cha mabati cha kufunika kaburi. Nimekata trasi zake mbili ndogo, na nikaandika pande zote tatu kwenye karatasi, sababu kando ya kila mstari, vile Baba alikuwa anataka. Zimelingana, Mama. Nimekaa nayo hiyo karatasi siku mbili, na sina wa kumpelekea aniwekee alama.

Ni mimi mtoto wako niliyechelewa,
Mutua