Mzizi Uliobaki

Kambarage, Shinyanga

Baba Vumilia,

Hatujambo. Vumilia kaota meno mawili ya mbele, anacheka kama wewe.

Jana, hapa kliniki ya meno, nilipokea mama mjamzito kutoka Segese. Jino lilikuwa limemvunjikia ndani. Nilipokibandika kioo cha kutazamia kinywani shavuni pake kipate joto, kisiingie ukungu, akasema, "Hata mume wangu hufanya hivyo. Ndiye aliyeling'oa."

Nikamuuliza jina la mumewe. Akanitajia lako.

Uliaga unakwenda kuchimba dhahabu, Masele. Hiyo ya kioo nilikufundisha mimi. Nilikufundisha pia kulilegeza jino kabla ya kushika koleo, lakini wewe hujui kusubiri.

Mzizi nimeutoa mzima. Hakujua mimi ni nani. Mwambie wewe.

Mkeo wa ndoa,
Coletha